Mimi Ni Namba Kwenye Ripoti ya Mtu

Mahali fulani hapa Nairobi, kwa ofisi yenye kiyoyozi na maua ya plastiki mlangoni, kuna ripoti. Ndani yake kuna mstari unaosema vijana wa mtaa wetu walipewa ujuzi wa kidijitali na sasa wanajitegemea. Mmoja wao ni mimi. Na mimi, wasee, niliwadanganya.

Wacha nianze mwanzo. Nilitoka chuo mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua, ni karo na vurugu zake. Nikarudi mtaani nikawa nahariri video za harusi na ruracio za watu kwa simu. CapCut na subira. Wiki nzuri wateja wawili, wiki mbaya naangalia dari. Halafu chifu akatangaza kuna shirika limekuja kufundisha vijana, wiki mbili kwa ukumbi wa jamii, lanchi ipo, nauli 300 kwa siku. Kutoka kwetu hadi huo ukumbi ni kutembea dakika saba. Unaelewa.

Siku ya usajili kulikuwa na dada mmoja na tableti anauliza maswali. Una kazi? Kabla nifike mbele, foleni nzima ilikuwa ishapeana rada kwamba ukisema una kazi jina lako linakatwa. Nikasema sina. Mapato kwa mwezi? Sifuri. Umewahi kutumia programu ya kuhariri video? Nikavaa uso wa kijana wa kwaya nikasema hapana.

Laptopu zilikuwa sita, sisi tulikuwa 30. Mwalimu alikuwa mtu poa sana, sina neno baya juu yake, lakini siku ya nne alikuwa ananiomba nimsaidie kufundisha. Tukasaini karatasi ya mahudhurio kila asubuhi, tukapewa tisheti, tukapewa cheti, tukapigwa picha tumeruka juu. Kila mradi lazima mruke juu.

Miezi sita baadaye simu ikaingia. Una kazi sahi? Nikasema ndio, nahariri video. Unapata ngapi kwa mwezi? Nikasema kama elfu 12. Ona hiyo hesabu: kutoka sifuri hadi elfu 12 kwa miezi sita! Hakuna kitu kilikuwa kimebadilika maishani mwangu. Tofauti ni kwamba mara ya pili nilisema ukweli.

Wakafurahi hadi wakaniajiri. Elfu 15 nitengeneze video ya dakika tatu ya waliofanikiwa, na mmoja wa waliofanikiwa awe mimi mwenyewe. Nikaitengeneza. Muziki wa gitaa taratibu, jua linachomoza juu ya mabati, mimi nikiangalia mbali kama mtu anayeona kesho. Ilienda vizuri, wengi wenu mliilike. Kati ya jumbe zilizoingia ulikuwepo mmoja wa msichana tuliyekuwa tunatumia naye laptopu moja:

"Video ni safi. Lakini si wewe ulikuwa unajua tangu?"

Huyu msichana alikuja siku nne tu. Ana mtoto. Kazi yake ni kufulia watu nguo, na siku akipata nguo za kutosha anarudi na 500. Sasa piga hesabu. Kuja darasani alipewa 300, akampa jirani 150 amwangalilie mtoto, akabaki na 150. Kila siku aliyokaa kujifunza kompyuta ilimtoa 350 mfukoni. Siku ya tano hakuja, na kwa sababu ripoti ilihesabu "waliomaliza", ni kama hakuwahi kuwepo. Mimi ambaye sikuhitaji huo mradi nikawa ushahidi kwamba unafanya kazi. Yeye ambaye uliundwa kwa ajili yake hata hakuwa kosa. Alikuwa kimya tu.

Ujumbe wake ulinisumbua vibaya. Nikaanza kusoma. Si mambo ya chuo, mimi na chuo tulishaachana, nilitaka tu kujua kama kuna mtu duniani amewahi kuuliza hili swali vizuri. Nikakuta limeulizwa, na tena limeulizwa hapa hapa Kenya, kule Busia, wakati wengi wetu hatujazaliwa.

Chukua chati. Zile chati kubwa za ukutani, mchoro wa moyo, mzunguko wa maji, ramani. Miaka ya tisini kulikuwa na swali kama zinasaidia watoto kupita mtihani shule za magharibi mwa Kenya. Njia rahisi ni kutafuta shule zenye chati na shule zisizo nazo, ulinganishe alama. Watafiti wakafanya hivyo, na shule zenye chati zikaonekana ziko juu kabisa. Kwa hiyo chati zinafanya kazi, si ndio? Tununue chati nchi nzima.

Ngoja. Shule yenye chati ni shule ya aina gani? Mara nyingi ni shule ambayo mwalimu mkuu ako macho, wazazi wanachanga, dari halivuji. Hiyo shule ingepita hata bila chati. Ni kama mimi na CapCut yangu. Kwa hivyo wakajaribu njia nyingine: shule 178, nusu zipate chati na nusu zisipate, na atakayepata achaguliwe kwa kura, sio kwa kujuana wala kwa bidii. Baadaye wakalinganisha alama, na tofauti haikuwepo. Yaani data ya kwanza ilisema chati ni dawa, na kura ikasema ni mapambo.

Hii kitu ya kura ilinichukua muda kuielewa kwa hivyo wacha niieleze vile ninavyoieleza kwa boyz zangu. Mtu akifungua kinyozi mtaani mwezi wa kumi na mbili na wateja wakajaa, anaweza kusema ni vile ameweka televisheni. Lakini Disemba kila mtu ananyolewa. Ili ujue televisheni ilileta wangapi, lazima uwe na kinyozi kingine kama hicho, mtaa kama huo, Disemba hiyo hiyo, bila televisheni. Sasa maisha yako huwezi kuyaishi mara mbili, moja na mradi na moja bila. Lakini ukichukua vijiji mia na ukapiga kura, wale wasiopata wanakuonyesha wale waliopata wangekuwa wapi. Kura ndiyo inazuia mtu kama mimi kujisogeza mbele ya foleni.

Bila hiyo, unapewa sifa za Disemba. Kule Sauri, Siaya, kulikuwa na mradi mkubwa wa Vijiji vya Milenia, ule wa profesa Jeffrey Sachs, na moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba watu wenye simu waliongezeka sana. Mwaka 2010 wachumi wawili wakauliza swali la kitoto: na Kenya kwingine? Kwingine pia simu zilikuwa zimeongezeka. Ilikuwa ni miaka ile hata mlinzi wa shamba alikuwa anapata simu yake ya kwanza. Sisemi mradi mzima ulikuwa bure, nasema huwezi kujipongeza kwa mvua iliyonyesha kila mahali.

Iliyoniuma zaidi ni ile ya vitabu. Busia tena. Shule zilikuwa na watoto wengi kwa kitabu kimoja, kwa hiyo mradi ukaleta vitabu vya serikali, vile vile rasmi. Nani anaweza kupinga vitabu? Alama za wastani hazikusonga. Waliofaidika ni wale watoto waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Sababu ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wao ni ya tatu baada ya ya nyumbani na Kiswahili, na silabasi yenyewe ilikuwa inaenda na kasi ya mtoto wa tauni. Ukimpa kitabu mtoto ambaye hawezi kukisoma umempa kitu cha kufunika kichwa mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa huyo mtoto wa nyuma kwa miaka mingi, nikishika kitabu safi kabisa, kurasa hazijakunjwa, na mwalimu akifikiri ni nidhamu.

Na kuna upande wa pili, kwa sababu ukisoma haya tu utafikiri hakuna kitu hufanya kazi, na hiyo pia ni uvivu. Ile ya dawa za minyoo mnaijua hata kama hamjui mnaijua. Wale mliosoma shule za umma mnakumbuka kile kidonge? Mwaka 1998 ulianza mradi wa kugawa dawa hizo Busia, shule 75, watoto zaidi ya 30,000, shule zikiingia kwa zamu. Dawa ni rahisi kupindukia. Kutohudhuria shule kulipungua kwa robo. Alama za mtihani hazikupanda, na hilo walilisema wazi, hawakulificha kwa muziki wa gitaa. Halafu wakawafuata wale watoto hadi wakawa watu wazima. Miaka 20 baadaye, waliopata dawa miaka miwili mitatu zaidi walikuwa na matumizi ya nyumbani ya juu kwa asilimia 14, na mapato ya saa juu kwa asilimia 13. Miaka ishirini! Mimi nilipigiwa simu moja ya dakika nne.

Michael Kremer, mmoja wa walioanzisha hiyo kazi, alishinda Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee. Kabla ya yote hayo alikuwa amefundisha shule ya upili karibu na Kakamega. Lakini kitu kilichonivutia kuliko Nobel ni kwamba 2015 watafiti wengine, huko London, waliichukua ile data ya Busia wakairudia, wakapata makosa ndani yake, na ukazuka ugomvi mkubwa wa wasomi. Baadhi ya matokeo yakasimama, mengine yakapungua nguvu. Na wangepataje makosa? Kwa sababu wenyewe waliitoa data ikakaguliwa. Ripoti yangu mimi nani ataikagua? Iko kwa folda, na mimi ndiye kosa lililomo.

Kuna moja ya neti ambayo lazima niwape kwa sababu inamaliza mabishano ya kwa hoteli. Kuna ile imani kwamba mtu akipewa kitu bure hataki kukitunza, lazima alipe kidogo ndio aheshimu. Inasikika busara, si ndio? Watafiti wakaipima kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Kliniki zingine neti bure, zingine kwa bei ndogo. Kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua neti walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Shilingi arobaini, wasee, bei ya chapati mbili. Na waliolipa hawakuzitumia zaidi ya waliopewa bure. Mtu wa ofisini anaona 40 kama heshima, mama mjamzito anaiona kama unga.

Sasa wacha nifike nyumbani. Dani wangu, mama ya mama, anakaa Siaya. Nilipokuwa mdogo, kijiji cha ng'ambo ya barabara kilipata pesa. Sio mbuzi, sio semina. Pesa kwa simu, kama dola 1,000 kwa nyumba, kwa wale wenye nyumba za nyasi. Kijiji cha Dani hakikupata, na yeye paa lake lilikuwa nyasi vile vile. Nakumbuka maneno yalivyokuwa mengi. Wengine walisema ni pesa za shetani, wengine wakasema ni siasa, Dani alisema Mungu anajua. Hakuna aliyewaelezea kwamba kuna kura imepigwa mahali na barabara ndiyo mpaka.

Utafiti mkubwa wa hizo pesa ulifanyika Siaya, vijiji 653, nyumba zaidi ya 10,000 zikapokea. Walichopima hakikuwa tu waliopata wamenunua nini. Walipima hadi jirani ambaye hakupata. Wakapata kwamba kila dola moja iliyoingia ilizunguka ikawa kama dola mbili na nusu kwa uchumi wa eneo hilo, biashara zikauza zaidi, na wasiopokea pia matumizi yao yakapanda. Bei za vitu hazikupanda hata kwa asilimia moja.

Nikampigia Dani nikamuuliza kama anakumbuka ule mwaka. Akacheka. Dani huuza omena sokoni. Akaniambia, "Nyakwara, wale walinunua mabati, fundi wa mabati akala kwangu, mke wake akachukua omena, na ng'ombe waliponunuliwa hata mchungaji akawa mteja. Mimi sikupata za simu, lakini debe langu lilikuwa linaisha kabla ya saa nane." Najua, najua, stori ya mtu mmoja sio ushahidi, ndio maana naandika hii yote. Lakini nilisikia hesabu ya profesa ikitoka kwa mdomo wa mwanamke ambaye hakuna mtu aliyemuita kwenye mkutano wa matokeo.

Na hapo ndipo sikubaliani kabisa na wale wanaoshabikia hizi kura kama timu ya mpira. Kupima watu pia kunaweza kuumiza. Agosti 2020 Wakenya waliwaka mtandaoni kuhusu utafiti wa Kayole Soweto, ambapo nyumba za wenye deni la maji zilichaguliwa kwa kura, zingine zikapewa ilani na kukatiwa maji wasipolipa, ili ionekane kama watu watalipa. Mwenye nyumba ndiye ana deni, mpangaji ndiye anabeba mtungi. Watafiti walijitetea kwa maandishi marefu. Mimi nimekaa nyumba ambayo maji hukatwa kwa sababu ya deni la mtu mwingine, na naweza kukuambia hakuna maandishi marefu ya kutosha. Kugawa pesa kwa kura kwa sababu hazitoshi watu wote, hiyo naielewa, hata Dani akielezwa angeielewa. Kuchukua kitu kwa kura ni mambo mengine.

Lakini hasira ya Kayole isitufanye tuone kutopima ndio heshima. Msichana wa nguo hakupimwa na hakuheshimiwa. Kama mtu angeuliza swali moja tu, walioacha waliacha kwa nini, mradi ungegundua shida yake ni 350 kwa siku na mtu wa kukaa na mtoto. Hiyo haihitaji Nobel. Inahitaji kupiga simu kwa majina yaliyokatwa.

Nilifanya kitu mwezi uliopita. Nilimpigia yule afisa wa mradi, nikamwambia majibu yangu ya usajili hayakuwa ya kweli, kazi nilikuwa nayo na kuhariri nilikuwa najua, kwa hiyo wanitoe. Kukawa kimya kidogo. Halafu akacheka, sio kwa ubaya, kwa uchovu. Akaniambia ripoti iliishaenda, mfadhili ameshaongeza pesa, na nisijali kwa sababu "kila mtu husema hivyo kwa usajili". Kila mtu! Kumbe anajua. Akaniuliza kama nitakuwa huru mwezi wa tisa, kuna kundi jipya litamaliza na watahitaji video.

Nikamwambia nitakuja, lakini nipewe orodha ya watakaokuwa wameacha, niwahoji nao pia. Akasema atauliza wakubwa.

Jioni nikaenda kwa yule msichana, nikamkuta anaanua nguo. Nikamweleza kila kitu hadi ile simu. Akasikiliza na vibanio mdomoni. Akavitoa, akauliza, "Na ile video ya kwanza walikulipa ngapi?" Nikasema elfu 15. Akaangalia juu kidogo akipiga hesabu. "Hiyo ni siku 30 za nguo," akasema, akaendelea kuanua.

Sasa nauliza nyinyi. Kama uliwahi kusaini ile karatasi, ukapewa tisheti na nauli, niandikie inboksi. Sitataja jina. Nataka kujua ulijibu nini kwa usajili, na kama walikupigia baadaye, walikuuliza nini. Na kama uliacha katikati, wewe ndio nakutafuta zaidi.